Uzi wa Mafundo Matatu

Mama yangu ana karatasi ya wafu. Ni karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne, na kila ukiingia mwezi wa Shaabani huitoa ndani ya msahafu, akavaa miwani na kuikagua jina baada ya jina. Tukikusanyika kwake Woolwich kusoma hitima, ghorofa ya sita, siku ambayo lifti imeamua kufanya kazi, yeye ndiye anayesoma majina. Kila maiti humtaja pamoja na mamake: fulani mwana wa fulani. Ndivyo maiti anavyoitwa kaburini kwenye talakini, anaposomewa akishazikwa, na Mama haoni kwa nini amwite vingine sebuleni.

Jina la kwanza ni la bibi yake, aliyemlea. Mume wa bibi huyo hamo kwenye karatasi. Hajawahi kuwamo, kwa sababu bibi mwenyewe alikataza.

Alikuwa Mholanzi, baharia, fundi wa kushona matanga. Aliingia Zanzibar na meli ya makaa ya mawe, kabla ya vita vikuu vya kwanza, akabaki. Akasilimu mbele ya kadhi, akaoa, akawa anatengeneza matanga na kushona mapazia ya kukinga jua pale bandarini. Wakapata mtoto wa kike, ambaye baadaye ndiye aliyemzaa Mama yangu. Mtoto ndiyo kwanza katolewa arobaini, mwezi wa mfungo sita, mji mzima unasoma Maulidi, baba mtu akapanda meli nyingine akaenda zake. Hakurudi, na barua hakuandika.

Kuondoka sicho kilichomuudhi bibi. Aliyeolewa na baharia anajua kwamba mume atakwenda. Kilichomuudhi ni jambo alilolifanya asubuhi ya safari. Alimlaza mtoto kitandani, akachukua uzi wake wa kushonea, akampima kutoka shingoni mpaka unyayoni, akapiga fundo. Akapima mkono, akapiga fundo. Akauzungusha kifuani, akapiga fundo la tatu. Kisha akauweka uzi mfukoni. Sasa kwetu, mtu hai mwenye afya yake halazwi akapimwa kwa uzi. Anayepimwa hivyo ni maiti, ili sanda ikatwe. Bibi alipiga ukelele majirani wakatoka. Mume akacheka, hakufahamu kafanya nini, akambusu mtoto, akaenda bandarini.

Meli ilipokosa kurudi, bibi aliyaunganisha yote mawili: mtu kampima mwanawe sanda, kisha kakimbia. Kuanzia hapo jina lake halikutajwa nyumba ile. Likabaki sanduku dogo lenye hati ya nikaha na kipande cha mfupa uliochongoka, wa kutobolea matanga, ambao mwenyewe aliuchonga jina lake kwa kisu. Sanduku hilo limevuka bahari na Mama, na sasa linakaa London juu ya kabati, chini ya mablanketi ya wageni.

Mwaka juzi Mama alilazwa kwa ajili ya moyo. Aliporudi nyumbani aliniita, akanikalisha mbele yake kama ninayetaka kuposwa.

"Mwanangu," akasema, "mimi nikifa nikakutana na bibi yangu, n'najua cha kumwambia. Na babu je? Kama alikimbia akarudi kanisani kwao, basi, yake na Mola wake. Lakini kama alikufa njiani naye Muislamu, sisi tumemnyima dua miaka yote hii, na mimi ndiye ninayeshika karatasi. Nitafutie. Na mamake umtafute, nipate kumwita."

Ndugu yetu mmoja aliyekuwapo akasema mbona jambo jepesi, asiyejulikana mamake huitwa mwana wa Hawa, sheria inaruhusu. Mama akamtazama mpaka akaacha kutafuna.

"Huyu ana mama," akasema. "Na watu wa kwao wanaandika kila kitu. Atakuwa kaandikwa."

Mimi si mtu wa subira. Waulizeni wanaofanya kazi nami. Lakini kazi yangu ni mafaili ya wagonjwa, hospitalini, miaka kumi na tisa sasa, na katika kazi hiyo kuna sheria moja ninayoiheshimu kuliko bosi wangu: usiunganishe mafaili mawili mpaka mambo matatu yalingane. Jina halitoshi. Jina na umri havitoshi. Mambo matatu, la sivyo utampa mtu damu ya mwenzake. Nikamwambia Mama nitatafuta, ila sitamletea Mholanzi yeyote nitakayemuokota. Nitamletea wa kwake, au nitarudi mikono mitupu.

Basi siku zangu za mapumziko nikawa napanda treni ya DLR mpaka Stratford, na hapo nashika treni nyingine inayozunguka kaskazini mwa mji mpaka magharibi kabisa, kwenye hifadhi ya nyaraka. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Koti na mkoba unaacha kwenye kabati, vitu vyako unavitia kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, kila mtu anaona una miwani na pipi ya kikohozi. Nilinung'unika siku ya kwanza. Siku ya pili nilielewa. Karatasi wanayokupa imepona moto, mafuriko, panya na mabomu ya vita, halafu uje wewe uidondoshee wino?

Niseme wazi, nimewapenda makarani wale wa zamani. Mimi ni wa kazi hiyo, najua uvivu wa mkono ikifika saa kumi jioni. Lakini wale walimwandika kila baharia aliyepanda meli ya Kiingereza: umri wake, mji aliozaliwa, meli aliyotoka, kazi yake, sahihi yake kwa mkono wake, na alivyoshuka. Kuli wa makaa kaandikwa. Mpishi kaandikwa. Wasiojua kusoma wametia alama ya msalaba, na karani akaandika pembeni kwamba alama hii ni ya fulani. Ungedhani walijua kwamba siku moja atakuja mtu kutoka Woolwich kuuliza.

Jina la kwenye mfupa lilinipeleka kwenye orodha ya mabaharia ya meli ya makaa. Nikamkuta. Mholanzi, mshona matanga, kazaliwa mji mdogo wa bandari kaskazini mwa nchi yao. Nikafuata mstari wake kwa kidole, bila kugusa karatasi, mpaka safu ya mwisho ya alivyoshuka. Neno lilikuwa moja tu: katoroka.

Roho ilinishuka. Nikaona kumbe bibi alisema kweli, mtu mwenyewe mtoro wa kuandikwa. Nikakusanya penseli yangu, nikawa natunga nitakavyomdanganya Mama. Ningesema nyaraka zimeungua, nani angebisha?

Mzee wa kaunta, mwenye sweta lililoliwa na nondo kwenye kiwiko, alinikuta nafunga sanduku la karatasi kwa kishindo, jambo ambalo halifanywi pale. Hakunikemea. Aliniuliza nimepata nini. Nikamwonyesha. Akaisoma, kisha akaniambia kwa upole nisome pia kisanduku cha pembeni yake, cha mahali na mwezi. Nikasoma. Mahali: Zanzibar. Tena ilikuwa miezi minane kabla ya tarehe ya kwenye hati ya nikaha.

Nilicheka mle ndani, watu wakageuka. Ni kweli katoroka, lakini kaitoroka meli. Kaacha kitanda chake, chakula cha kila siku na bendera ya Wazungu wenzake, kaingia vichochoro vya mji asiojua lugha yake, na miezi minane baadaye kasimama mbele ya kadhi. Sisi tumemwita mkimbizi miaka yote, kumbe mbio zake zote alikuwa anakuja kwetu.

Nilipomweleza Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hiyo ni kuja. Mimi nimekuuliza kuondoka."

Mama hana dogo.

Kuondoka kulinichosha miezi minne, na lawama ni yetu wenyewe. Binti yangu, aliyezaliwa hapa, anayesikia Kiswahili chote na kukujibu kwa Kiingereza, ndiye aliyeketi na bibi yake kuandika kila anachokikumbuka, akanipangia vizuri kwenye kompyuta. Mwezi wa kuondoka akaandika Juni. Nami, kwa kuwa limechapwa, limepangwa na lina mistari, nikaliamini. Nikafungua orodha ya kila meli iliyopita Zanzibar mwezi wa Juni mwaka ule na Julai yake. Niliwajua manahodha kwa hati zao. Mshona matanga sikumuona.

Jumapili moja Mama alikuwa anapepeta mchele, akaikuta ile karatasi mezani.

"Juni?" akauliza. "Nani kakwambia Juni?"

"Si wewe? Umemwambia mtoto mwezi wa sita."

"Mimi nimemwambia mfungo sita! Mfungo sita, Maulidi yanasomwa! Juni imetoka wapi?"

Binti yangu alifunika uso kwa mikono. "Mum, I'm so sorry," akasema, "sita ni six." Lakini kosa halikuwa lake. Yeye hajawahi kuhesabu miezi kwa mfungo, tangu Ramadhani inapoisha. Mimi nimeihesabu tangu utotoni, hadithi yenyewe nimelala nayo, na nikaona Juni nikaimeza kama dawa. London imenikalia kichwani, hiyo ndiyo kweli yake, na nilijisikia vibaya siku nzima. Tukatazama kalenda. Maulidi mwaka ule yaliangukia mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili.

Wiki iliyofuata nilimpata kabla ya chai ya saa nne.

Sahihi yake ilikuwa ileile, herufi ya mwanzo ina mkia mrefu, kama alivyoichonga kwenye mfupa. Kazi ni ileile, mji aliozaliwa ni uleule, na meli aliyotoka ni ile aliyoitoroka. Alipanda Zanzibar. Mkataba ulikuwa wa kwenda Australia kuchukua makaa na kurudi Zanzibar, na mbele ya jina lake karani kaongeza maneno kwamba mtu huyu ateremshwe Zanzibar. Hakuwa anakwenda kwao. Alikuwa na safari ya kwenda na kurudi, na pa kurudi ni kwa mkewe. Nikaenda safu ya mwisho. Kafariki, baharini, wiki tano toka kuondoka, kwa homa.

Nikaomba daftari la nahodha. Lililetwa juu ya mto wa sponji, kama mtoto mchanga, na nilikaa nalo dakika kadhaa kabla ya kulifungua.

Sikuwahi kudhani nitakuja kumheshimu nahodha wa meli ya makaa. Mwandiko wake ni mzito, na maneno yake ni machache. Kaandika kwamba mshona matanga kaugua siku tisa, kwamba alikuwa mtu mtulivu na fundi, na kwamba matanga ya meli hajawahi kuyaona katika hali nzuri vile. Kaandika kwamba mgonjwa aliomba asisomewe kitabu cha sala cha meli. Aliomba aachiwe mabaharia wawili wa Bombay, wa dini ya Muhammad, wamfanyie kwa desturi yao. Nahodha akakubali. Wale wawili walimuosha, wakamvisha kitambaa cheupe cha tanga, wakasimama wakamsalia sitahani, na yeye nahodha akawaamuru wengine wavue kofia na wanyamaze. Halafu wakamshusha baharini.

Chini yake kuna orodha ya vitu vya marehemu, maana sheria ilitaka viandikwe. Sindano za tanga. Ngozi ya kukinga kiganja. Kofia moja ya kushonwa kwa mkono, nyeupe. Tasbihi. Msahafu hakuwa nao, sijui kama alijua kuusoma. Na mwisho kabisa: gauni moja la mtoto mchanga, la kitambaa chepesi cheupe, limetiwa mkono mmoja tu, halijakwisha. Limefungwa kwa kipande cha uzi chenye mafundo matatu.

Hapo nililia. Si machozi ya kufuta kwa kidole, nililia mpaka yule mzee wa sweta akaja kulisogeza daftari mbali na uso wangu, kwanza alisalimishe daftari, kisha ndiyo aniletee kitambaa. Nilimpenda kwa utaratibu huo. Ningefanya hivyo hivyo.

Kwa nini basi habari hazikufika Zanzibar? Hilo pia limeandikwa. Meli ilipofika Australia ilibadilishiwa amri ikapelekwa pande nyingine, Zanzibar haikurudi. Na pale penye jina la jamaa wa kupelekewa taarifa, nahodha kaandika: mke, Zanzibar. Basi. Jina la mke hakuna. Nilikasirika na nahodha wangu, mtu aliyeandika hata fundo la uzi ashindwe kuuliza jina la mjane? Nikarudi Woolwich na hasira hiyo, nikamsomea Mama yote tangu mwanzo, nikafika hapo nikagonga meza.

Mama hakukasirika. Alikuwa ameshika kile kipande cha mfupa, anakigeuzageuza.

"Aliulizwa," akasema. "Hakujibu. Mwanamume mwenye adabu hataji jina la mkewe mbele ya wanaume. Atasema mke wangu, atasema nyumbani, jina halitoki. Bibi ndiye aliyemfunza hivyo." Akavuta pumzi. "Kumbe alishika."

Mtu yuko katika homa ya mwisho, katikati ya bahari, na bado anailinda heshima ya mkewe kwa namna aliyofundishwa vichochoroni. Heshima hiyo ndiyo iliyomkosesha dua zetu. Mimi humu sikutaja jina la mtu, na mkitaka kujua sababu, namfuata yeye.

Ikabaki mamake. Hapo binti yangu alijikomboa. Wale watu wa Uholanzi wameyapiga picha madaftari yao yote ya uzazi, wakayaweka wazi kwa yeyote mwenye simu. Aliketi kwenye kochi la bibi yake na mkate wa kumimina mkononi, na kabla hajaumaliza akaniita. Nilimwambia mambo matatu. Akanihesabia kwa vidole: jina, mji, umri. Nikamwambia ongeza. Akaongeza la nne: baba wa mtoto, kazi yake mshona matanga. Na kando ya baba, kwa hati safi, jina la mama, la kwake na la ukoo wake. Alikuwa na miaka ishirini na mbili alipomzaa.

Lilikuwa jina gumu, limejaa sauti za kooni. Mama alilifanyia mazoezi wiki mbili. Nilikuwa namsikia jikoni akilisema polepole huku anakuna nazi, anakosea, anarudia. Nilimwambia Mungu analijua hata akilikosea. Akaniambia Mungu analijua, ndiyo, lakini huyo mwanamke amengoja sana kusikia mwanawe akitajwa, na yeye hataki limfikie limevunjika.

Shaabani ikafika. Tulikuwa wanawake kumi na wawili sebuleni, udi unafuka, dirisha wazi kidogo ili king'ora cha moshi kisilie. Juzuu zikagawanywa, zikasomwa, zikaisha. Mama akatoa karatasi. Ilikuwa mpya, ameinakili yote upya kwa mkono wake, kwa sababu ya zamani haikuwa na nafasi pale alipotaka.

Akaanza na bibi yake, kama siku zote, mwana wa fulani. Kisha akamtaja mume wa bibi huyo, kwa jina alilosilimu nalo, mwana wa yule mwanamke wa bandari ya kaskazini, na lile jina gumu likatoka zima. Tukaitikia amin. Nilidhani ataendelea na la tatu.

Hakuendelea. Alivua miwani akaiweka juu ya karatasi. Akatazama mbele yake, si sisi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kuzungumza na mtu aliye chumba cha pili:

"Bibi. Haikuwa sanda. Alikuwa anamshonea mtoto gauni. Mkono mmoja alishaumaliza."

Akangoja kidogo. Kisha akavaa miwani yake, akasoma jina lililofuata.